Jinsi ya kupima hatari ya tetemeko mahali panapopendekezwa kuweka taka za nyuklia: mwongozo kamili kwa mfano wa Dodoma

Ripoti za namna hii ninazoletewa kuzisoma huanguka mahali palepale, kwenye kurasa za mwanzo tu. Mwandishi amechukua ramani ya hatari ya tetemeko inayotumika kwa majengo ya kawaida, ameweka nukta yake juu ya Dodoma, amesoma namba, kisha ameandika "hatari ni ndogo hadi ya wastani". Zinazofuata ni picha za mawe na za gari la kazi.

Namba ile si ya uongo, ila ni jibu la swali la mtu mwingine. Aliyeuliza ni mjenzi wa ghorofa litakalokaa miaka 50. Wewe unauliza kuhusu kitu kitakachobaki na sumu yake wakati ghorofa hilo limeshabomolewa na wajukuu wa mjenzi wamezikwa.

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Taka za mionzi tulizonazo ni hasa vyanzo vilivyoisha matumizi: vya hospitali, vya migodini, vya vifaa vya kupimia ushindiliaji wa barabara. Msimamizi wake ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), chini ya Sheria Na. 7 ya 2003. Eneo nitakalolitumia humu ni la mazoezi tu: kilima cha itale kilomita 40 hivi kaskazini mwa jiji la Dodoma. Usiende kulitafuta. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa bwawa la mabaki ya urani, jambo ambalo kwa watu wa Bahi na Manyoni si la kufikirika tu.

## Andaa hivi kwanza

Kabla ya kugusa hesabu, hakikisha unavyo:

- Katalogi za matetemeko, yaani orodha za saa, mahali na ukubwa wa kila moja, kutoka ISC, Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia, na USGS, Shirika la Jiolojia la Marekani (zote zinapakuliwa bure), pamoja na kumbukumbu za vituo vya GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake yapo Dodoma mjini. Nenda na barua rasmi.
- Ramani za jiolojia za eneo, picha za setilaiti, na data ya miinuko iliyopimwa kutoka angani (SRTM) yenye chembe za upana wa mita 30. Ukipata droni, ni bora zaidi.
- Programu za QGIS (ya kuchora ramani) na OpenQuake. Zote ni za bure, na OpenQuake ndiyo itakayofanya hesabu kubwa.
- Sururu, sepetu, kamba, misumari, futi kamba, mbao za kuzuia kuta za mtaro, vipande vya bomba la chuma na plastiki nyeusi nzito.
- Nyundo ya kilo 8 na mstari wa jiofoni 24, yaani vipokezi vya mtikisiko vinavyochomekwa ardhini. Vifaa hivi hukodishwa, si lazima ununue.
- Mwongozo wa IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki) wa kupima hatari ya tetemeko, uitwao SSG-9, toleo lililopitiwa upya 2022.
- Mtu anayejua Kigogo, na Kirangi kama utafika Kondoa.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Utaona kwenye Hatua ya 4 kwa nini nimeliweka.

## Hatua ya 1: Uliza taka zitakaa miaka mingapi

Usianze na ardhi, anza na taka. Mwombe mwenye mradi orodha ya vilivyomo, pamoja na nusu-uhai wa kila kimoja, yaani muda ambao mionzi yake hupungua nusu.

Cesiamu-137 ina nusu-uhai wa miaka 30. Ndani ya miaka 300 imepungua mara kumi kwa nusu, na kilichobaki ni kama sehemu moja kati ya elfu. Ndiyo sababu miaka 300 hutumika sana kama muda wa kulinda mazishi ya juujuu. Lakini americiamu-241, iliyomo kwenye vipima unyevu vya barabara, ina nusu-uhai wa miaka 432, na radiamu-226 ya hospitali za zamani ina miaka 1,600. Hizo miaka 300 haitoshi hata kuzipunguza nusu.

Sasa angalia hesabu inayoangusha ripoti. Ramani za majengo kwa kawaida huonyesha mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kupitwa ndani ya miaka 50, yaani muda wa kurudi wa miaka 475: kwa wastani hupitwa mara moja kila miaka hiyo. Mtikisiko huohuo ukiusubiri kwa miaka 300, uwezekano wa kupitwa angalau mara moja unafika asilimia 47. Ni karibu sawa na kurusha shilingi. Ukitumia muda wa kurudi wa miaka 10,000, uwezekano ndani ya miaka hiyo 300 unashuka hadi asilimia 3.

Tofautisha pia kuhifadhi na kuzika. Taka zilizohifadhiwa ghalani kwa miaka 50 zina mlinzi, zina paa, na zinaweza kuhamishwa. Zilizozikwa hazina mlinzi milele, na hazihami.

Umefaulu kama una sentensi moja iliyokubaliwa na mwenye mradi na msimamizi kwa maandishi: taka gani, zinakaa vipi, kwa miaka mingapi, na muda wa kurudi unaotafutwa ni upi. Bila sentensi hiyo, usiende Hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Chora maduara manne

SSG-9 inataka uchunguzi wa ngazi nne, na kila ngazi ina ukali wake. Mkoa mpana una nusu-kipenyo cha kilomita 300, jirani ya karibu kilomita 25, pembezoni mwa eneo kilomita 5, na eneo lenyewe ni kama kilomita moja ya mraba. Kadiri duara linavyopungua ndivyo ramani inavyozidi undani: 1:500,000, kisha 1:50,000, kisha 1:5,000, mwisho 1:500.

Ukilichora duara kubwa kutoka Dodoma, linafika Mbulu kaskazini, linameza Singida, Iringa na Morogoro, na linaiacha Dar es Salaam nje. Rukwa nayo iko nje, mahali palipotokea tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7 mnamo Desemba 1910. Usilitupe kwa sababu hiyo. Halitakutikisia kilima chako, lakini ni ushahidi wa ukubwa ambao Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linaweza kuutoa. Utalihitaji kwenye Hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Safisha katalogi kabla ya kuiamini

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vijana wanapokimbia. Wanapakua faili, wanachora vidoti vyekundu, basi.

Ondoa marudio. Tetemeko moja huandikwa na mashirika matatu kwa saa na mahali panapotofautiana kidogo. Ukijumlisha ISC na USGS bila kuchuja, umeyahesabu matetemeko mara mbili.

Geuza vipimo viwe kimoja. Ukubwa wa tetemeko una mizani kadhaa: mb, Ms, ML na Mw. Haviko sawa. Tetemeko la tarehe 4 Novemba 2002, lililoitikisa Dodoma, huandikwa mb 5.5. Usilibandike tu kwenye safu ya Mw. Geuza yote kuwa Mw kwa mlinganyo mmoja, na uandike ni upi.

Kagua kina. Ukiona matetemeko mengi yana kina cha kilomita 10 kamili, au 33 kamili, hayo si mapimo. Ni namba iliyowekwa pale kompyuta ilipokosa data za kutosha. Nimesoma ripoti iliyohitimisha kwamba "matetemeko ya Dodoma hutokea kwenye tabaka la kilomita 10", na ilichora hata tabaka lenyewe kwa rangi ya machungwa. Kwetu kina ni suala zito, maana chini ya Afrika Mashariki ganda la dunia ni baridi na gumu kiasi kwamba matetemeko hufika kilomita 30 na zaidi. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, USGS waliliweka kwenye kina cha kilomita 40. La kina hivyo na la kilomita 8 hayatikisi kilima kwa namna moja.

Tenga matetemeko fuatizi. Hesabu ya uwezekano inadhani kila tetemeko linajitegemea. Wafuasi wa tetemeko kubwa hawajitegemei. Manyara hadi Dodoma kuna makundi ya matetemeko madogo yanayotokea kwa msururu, kwa hiyo jaribu njia mbili za kutenga na uonyeshe tofauti yake.

Tafuta katalogi imekamilika tangu lini. Vituo vya kimataifa vilianza kuyanasa vizuri matetemeko ya ukubwa wa 5 na kuendelea tangu miaka ya 1960. Yale ya 3 yanategemea kama kulikuwa na kituo karibu. Kati ya 1994 na 1995 watafiti waliweka Tanzania mtandao wa muda wa vipima tetemeko, na vitu vidogo vidogo vikaanza kuonekana kwa wingi. Ardhi haikuwa imechachamaa. Ni masikio yaliyoongezeka. Ukichora grafu bila kulijua hilo utaandika kwamba matetemeko yameongezeka, na gazeti litakunukuu.

Ukishasafisha, pata thamani ya b, yaani uwiano wa madogo kwa makubwa. Mlinganyo wa Aki ni rahisi: gawa 0.4343 kwa wastani wa ukubwa uliopunguziwa ukubwa wa chini, ambao nao umeushusha kwa nusu ya hatua ya kipimo. Kwa zoezi: ukubwa wa chini ni 4.0, hatua ni 0.1, wastani ni 4.4. Unapata 0.4343 ÷ (4.4 − 3.95) = 0.97. Sehemu nyingi duniani b iko karibu na 1, kwa hiyo ukipata 0.6 au 1.6 rudi ukaangalie ulichokosea kwanza.

Kwa b ya 1, eneo lenye matetemeko 40 ya ukubwa wa 4 na kuendelea katika miaka 50 lina 0.8 kwa mwaka. Ya 5 na kuendelea ni moja kila miaka 12 na nusu, na ya 6 na kuendelea ni moja kila miaka 125. Unaona shida? Katalogi yako ina miaka 60 hivi ya kuaminika. La ukubwa wa 6 huenda halimo kabisa, na wewe unatafuta la miaka 10,000.

Hatua zinazofuata zote ni namna ya kurefusha kumbukumbu hiyo.

## Hatua ya 4: Waulize wazee, na ujue kusoma saa yao

Kumbukumbu ya mtu inafika miaka 70, wakati mwingine 80. Inasaidia hasa kwa matetemeko ya kabla ya vituo, na kwa kujua mtikisiko ulikuwa mkali kiasi gani mahali ambapo hapakuwa na kifaa.

Usimuulize mtu "tetemeko lilikuwa na nguvu gani?" Atakujibu "kubwa sana", na atakuwa amekuheshimu tu. Muulize alikuwa wapi, amelala au amesimama, vyungu vilifanya nini, ng'ombe walifanya nini, tembe ilipasuka ukuta gani. Tembe ni nyumba yenye paa zito la udongo, na ufa kwenye tembe unaeleza mengi kwa anayejua kuusoma. Majibu hayo ndiyo unayoyalinganisha na ngazi za ukali za EMS-98, mizani ya Ulaya inayopima mtikisiko kwa yale watu na nyumba zilivyoupokea.

Sasa saa. Bibi mmoja upande wa Hombolo aliniambia, "Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mjukuu, saa nane. Najua kwa sababu jogoo alikuwa hajawika na mimi nilikuwa nimeshaamka kwa ajili ya mtoto." Kijana niliyekuwa naye aliandika: Ijumaa, 08:00. Jioni alikaa na kompyuta akitafuta tetemeko la Ijumaa asubuhi, hakuliona, akaandika kwamba bibi amesahau.

Bibi hakusahau kitu. Saa nane ya usiku ni 02:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Katalogi hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Toa tatu: 23:00, na siku imerudi kuwa *Alhamisi*. Tulipoangalia Alhamisi, lilikuwepo.

Onyo: mtu hukumbuka tukio kwa kulifunga na jambo jingine: njaa, uchaguzi, harusi, mwaka wa operesheni vijiji. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tafsiri yako pembeni. Usiandike tafsiri peke yake.

## Hatua ya 5: Zifuate nyufa kwa miguu

Miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafifia kaskazini mwa Tanzania, linapogawanyika Eyasi, Manyara na Pangani. Uchunguzi uliofuata tetemeko la 2002 ulionyesha kwamba mkanda wa nyufa hai unaendelea kusini kutoka Manyara hadi Dodoma. Majina utakayokutana nayo ni Mponde, Saranda, Bubu, Makanda, Hombolo. Ukipanda treni ya reli ya kati kwenda Manyoni, kile kilima ambacho treni hukipanda ikitoka Saranda ndiyo ngazi ya ufa wenyewe, yaani ukingo ulioachwa pale upande mmoja wa ardhi ulipopanda.

Nyufa hizi ni changa, kwa hiyo hazijajenga kingo ndefu kama za Manyara, na macho huzidharau. Nyingi hazikujichimbia njia mpya, zimefungua upya mikunjo ya zamani sana ya miamba. Vipande vifupi vinaendelea kuungana kuwa mistari mirefu zaidi ya kaskazini–kusini.

Kwa nini kuungana kunakuhusu? Kwa sababu urefu wa ufa ndio unaokupa ukubwa wa juu kabisa wa tetemeko. Mlinganyo wa Wells na Coppersmith wa 1994 ni ukubwa = 5.08 + 1.16 × logi ya urefu kwa kilomita. Ufa wa kilomita 20 unakupa 6.6. Vipande viwili vya 20 vikipasuka pamoja kama ufa wa 40, unapata 6.9. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini nishati imezidi mara tatu. Ukiamua kwamba havitaungana, hoja yako iwe kwenye ripoti, siyo kichwani mwako.

Ofisini. Tafuta mistari iliyonyooka kwenye picha, mito iliyokatwa au kugeuzwa ghafla, chemchemi za maji moto zilizojipanga. Chembe ya mita 30 haitakuonyesha ngazi ya mita mbili, kwa hiyo pembezoni mwa eneo, kilomita 5, papige kwa droni.

Shambani. Kabla ya kuchimba, tembea makorongo. Dodoma imejaliwa makorongo, na kila korongo linalokata ufa ni mtaro uliochimbwa bure na mvua. Si kila ngazi ni ufa, lakini. Kingo za ziwa la kale karibu na Bahi, kingo za mto na hata barabara ya zamani ya ng'ombe vimeshawadanganya watu wenye digrii mbili.

Mtaroni. Chimba ukiikata ngazi kwa pembe mraba. Safisha ukuta mmoja kwa mwiko mpaka ung'ae, funga kamba za mraba wa mita moja, kisha chora kila kitu kwa mkono. Unachokitafuta ni kabari ya kifusi: tetemeko likipandisha upande mmoja, ukingo ulioachwa wazi humomonyoka na kumwaga mawe na udongo chini yake, juu ya uso wa zamani uliokuwa na mizizi. Kabari moja ni tetemeko moja. Mbili zikilaliana, kuna matetemeko mawili, na udongo mweusi uliobanwa katikati ndio muda uliopita kati yao.

Makaa kwenye udongo huo hupimwa kwa kaboni-14, ambayo haivuki miaka 50,000 hivi. Mchanga hupimwa kwa mwanga: chembe za kwazi hutunza kumbukumbu ya mara ya mwisho zilipoona jua. Gongomea bomba la chuma ukutani, litoe, lizibe, lifunge kwa plastiki nyeusi mara hiyo hiyo. Jua likiingia hata dakika chache, umepoteza sampuli.

Onyo: mchwa. Wanashusha makaa mapya mita kadhaa chini ya ardhi. Ukiona njia za mchwa karibu na sampuli, chukua nyingine. Na usiingie kwenye mtaro wenye kina kinachozidi mita 1.5 bila mbao za kuzuia kuta, hata kama fundi anakwambia udongo wa hapa haubomoki.

Ngazi ya mita 2 iliyojengeka kwa miaka 20,000 ni mwendo wa milimita 0.1 kwa mwaka. Hakuna kifaa kitakachokuonyesha hilo kwa msimu mmoja wa kazi. Ndani ya miaka 10,000, ni mita nzima.

Kituo cha kugeuza: ukikuta ufa wenye uwezo wa kupasua uso wa ardhi ndani ya eneo lenyewe, au chini ya mahali pa kuweka taka, acha. Mtikisiko unaweza kusanifiwa kwa nondo na zege. Ardhi inayoachana chini ya ghala haisanifiwi. Hili ni jibu kamili, na ripoti ya kurasa kumi inayosema "hapana" kwa sababu hii ni ripoti nzuri.

## Hatua ya 6: Ujue umesimama juu ya nini

Itale ngumu na udongo wa mbuga haviupokei mtikisiko sawa. Udongo mlaini huukuza, na ukijaa maji unaweza kugeuka uji. Pima kasi ya mawimbi ya mkato kwenye mita 30 za juu: panga jiofoni, piga bamba kwa nyundo ya kilo 8, rudia mara kumi kila sehemu, na umwombe dereva azime gari.

Kasi ya mita 760 kwa sekunde na zaidi huhesabiwa kama mwamba. Ukipata mwamba upande mmoja na 250 upande wa pili wa kiwanja hichohicho, usichukue wastani.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu kwa matawi, siyo kwa jibu moja

Hesabu ya uwezekano inaunganisha vitu vitatu: matetemeko yanatoka wapi, yanatoka mara ngapi, na yakitoka yanatikisa kiasi gani yanapofika kwako.

Cha tatu ndicho kidonda chetu. Milinganyo ya mtikisiko imetungwa zaidi kwa data za kwingine, mingi ikiwa ya sehemu kama California zenye matetemeko ya juujuu, mingine ya mabara tulivu. Dodoma inakaa katikati: ufa hai, lakini ndani ya ganda la kale, baridi na gumu. Kuchagua mlinganyo mmoja ni kujifanya unajua. Weka angalau minne, ya aina zote mbili, na kila mmoja uupe uzito wake kwenye mti wa matawi, yaani mchoro ambao kila chaguo ni tawi lake. Fanya hivyo hivyo kwa ukubwa wa juu, kwa b, kwa kina, na kwa swali la nyufa kuungana.

Sababu za kila uzito ziandikwe *kabla* ya kuendesha OpenQuake. Ukiandika baada ya kuona jibu, utajikuta unalipendelea tawi linalompendeza mwenye mradi. Sisemi wewe ni mwizi, ila ndivyo binadamu alivyo.

Usikate pia mkia wa mtawanyiko, yaani mitikisiko mikali inayozidi wastani kwa mbali. Kila mlinganyo una wastani na mtawanyiko wake, na kwa muda wa kurudi wa miaka 10,000 mkia ndio unaotawala jibu. Kuna wanaouondoa "ili kupunguza kelele". Wanapunguza hatari kwenye karatasi.

Matokeo yawe mkunjo wa hatari: mlalo ni mchapuko wa ardhi kwa g (mchapuko wa kitu kinachoanguka), wima ni uwezekano kwa mwaka. Onyesha wastani, wa kati, na mistari ya asilimia 16 na 84. Kisha vunja jibu: ni tetemeko la ukubwa gani, umbali gani, linalochangia zaidi? Kama kompyuta inasema hatari yako yote inatoka kwa ufa ulio kilomita 200, wakati ufa wa Hombolo uko jirani, kuna faili umelikosea.

Hata hesabu ikitoa namba ndogo sana, SSG-9 haikuruhusu kusanifu kwa chini ya 0.1 g.

## Hatua ya 8: Yaulize mawe yaliyobebana

Hatua hii naipenda kuliko zote, na sijaiona kwenye ripoti yoyote niliyoletewa.

Anayeijua Dodoma anayajua mawe haya: jabali limekaa juu ya jabali, kama mtu aliyepanda kiti akasahau kushuka. Watoto huegemea, mbuzi hulala kivulini, na jiwe halianguki. Kila jiwe la namna hiyo ni kipima tetemeko ambacho kimekaa kazini maelfu ya miaka. Mbinu hii ilitumika Nevada, karibu na Yucca Mountain, mahali Marekani ilipotaka kuzika taka zake za nyuklia.

Pima kimo cha jiwe na upana wa kitako linachokalia. Kwa makadirio ya haraka, upana ukigawanywa kwa kimo ndiyo sehemu ya g inayotosha kuanza kuliinua upande mmoja. Jiwe la kimo cha mita 2 kwenye kitako cha sentimita 60 linakupa 0.3 g. Kuliangusha kabisa kunataka zaidi kidogo, maana mtikisiko unabadilisha upande kabla jiwe halijamaliza kuegama.

Sasa linganisha. Kama mkunjo wako unasema 0.6 g hupitwa kila miaka 2,000, na jiwe limesimama hivyo kwa miaka 10,000, mmoja wenu anakosea, na jiwe halina programu. Muda wa jiwe hupimwa maabara kwa beriliamu-10 inayojengeka kwenye uso wa mwamba ulio wazi.

Onyo: kagua kama halikushikwa na mzizi, halikupachikwa na watu, na kitako hakikuliwa na mmomonyoko wa juzi. Na jiwe moja halitoshi. Tafuta kumi, katika vilima tofauti. Mengine ni ya matambiko, kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kupanda na futi kamba yako.

## Hatua ya 9: Tazama kilichopo nje ya mtikisiko

Virginia, Marekani, tarehe 23 Agosti 2011, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilitikisa kituo cha nyuklia cha North Anna. Mapipa makubwa ya kuhifadhia fueli ya nyuklia iliyotumika, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 100, yamesimama wima juu ya zege. Kati ya 27, mapipa 25 yaliteleza, mengine kwa sentimita 11 hivi. Hakuna lililovuja. Lakini ukisanifu ghala lako, acha nafasi kati ya pipa na pipa, kati ya pipa na ukuta.

Kwa taka zilizozikwa chini sana, mtikisiko hupungua, na wachimba migodi wanalijua hilo. Huko chini woga wako uwe mwingine: mwamba kuteleza kupita kwenye chumba chenyewe, na maji kubadili njia. Tetemeko linaweza kukausha chemchemi hapa na kufungua nyingine kule. Kwa hiyo pima visima vya vijiji vyote ndani ya kilomita 5, kina na ladha, kabla mradi haujaanza. Dodoma mtu akipoteza kisima, hatakusikiliza tena kuhusu kitu kingine chochote.

## Hatua ya 10: Mpe adui yako faili

Tafuta mkaguzi asiyelipwa na mwenye mradi, na usimpe ripoti pekee. Mpe katalogi kabla na baada ya kusafishwa, mti wa matawi, faili za OpenQuake na michoro ya mitaro.

Umefaulu kama amekaa peke yake na kompyuta yake akatoa mkunjo uleule. Akipata tofauti, msigombane, tafuteni mstari uliosababisha. Mara nyingi ni kipimo kilichogeuzwa mara mbili, au saa.

Sambamba na hilo, weka vipima tetemeko vinne au vitano kuzunguka eneo na uviache vifanye kazi kwa miaka, siyo wiki. Mlinzi wa kifaa awe mtu wa kijiji hicho, alipwe kwa mwezi. Betri za sola zinazowekwa bila mwenyewe hazikai.

Mtaro nao usifukiwe mpaka mkaguzi ashuke ndani aone kabari kwa macho yake. Zungushia miiba, maana ng'ombe huja usiku. Mkaguzi akishatia sahihi kwenye mchoro, fukieni kabla ya Desemba, mvua hazijaanza.